Nyumba ya Makufuli Manne

Kila asubuhi, jogoo wa Mzee Kasiani akiwa bado anapiga kelele zake, mama yake Marta alifunga makufuli manne. La kwanza lilikuwa la chumba chake. La pili la chumba cha Marta. La tatu la stoo ya mahindi na kahawa. La nne, kubwa kuliko yote, lilikuwa la mlango wa mbele. Alilivuta kila moja mara mbili kuhakikisha limeshika, kisha akamvisha Marta shingoni kamba yenye funguo nne na kuzitumbukiza ndani ya sweta lake la shule.

"Usimpe mtu yeyote," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hata Lusungu."

"Ndiyo, mama."

Lusungu mwenyewe alikuwa amesimama hapohapo, Brayan, mdogo wake Marta, akiwa mgongoni, anasikia kila neno. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano, aliyetoka Itumba kuja kufanya kazi za nyumbani. Mtu mzima mwenye akili zake ananyimwa funguo, zinapewa mtoto wa darasa la sita!  Lusungu aliangalia chini kama vile anayesemwa ni mwingine, kisha akaenda zake jikoni. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha matofali chenye bati linalovuja, na humo ndimo alimoshinda na mtoto mpaka Marta arudi shuleni saa kumi.

Mama aliuza vitenge vya Zambia sokoni Tunduma. Aliondoka na gari la kwanza na kurudi jua likizama. Baba yao, Sadoki, aliendesha lori la mizigo la Lusaka, na mwezi mzima ungeweza kupita hawajamwona. Kwa hiyo nyumba ilibaki mikononi mwa Lusungu, au tuseme ukweli, ilibaki mikononi mwa makufuli.

"Wewe ndiye jicho langu," mama alimwambia Marta kabla ya kuondoka. "Yule wa kwanza wewe ndiye uliyemwona. Na huyu akianza mambo yake, uniambie."

Yule wa kwanza. Mama hakulitamka jina lake tena tangu siku ile. Jina lake lilikuwa Tumpale, mfanyakazi aliyekuwepo kabla ya Lusungu.

Marta alishika njia ya shule, funguo zikimgonga kifuani, na ukungu wa Mbozi umefunika mibuni pande zote mbili. Mara akasikia nyuma yake mlio wa yeboyebo, vile viatu vya plastiki alivyovaa Tumpale, chapa, chapa, chapa. Akageuka. Njia ilikuwa tupu. Akatembea, ukaanza tena. Hakugeuka mara ya pili. Alikimbia mpaka getini.

Haikuwa mara ya kwanza. Akikaa jikoni peke yake alisikia mtu akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, taratibu, kwa pua, kama Tumpale alivyoimba akichambua maharage. Akifagia uani alihisi kuna mtu amesimama penye mwembe mdogo anamtazama. Msidhani Tumpale alikuwa amekufa. Alikuwa hai, kwao Mbebe, huko milimani Ileje. Marta alikuwa anajiambia kwamba afadhali angekuwa mzimu, maana mzimu, mchungaji angekuja akauombea ukaondoka. Mtu aliye hai, uliyemtendea vibaya, nani atamwombea akuondokee?

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Mwaka mmoja na nusu nyuma, mwezi wa nane, kahawa ilikuwa imeiva kweli. Nyumba nzima ilikuwa kazini: kuchuma, kumenya kwa ile mashine ya mkono, kuosha, kuanika vichanjani. Kahawa iliyomenywa ina ute unaoteleza kama wa bamia, na pete haikai kidoleni. Ndiyo maana mama, kila akienda kuosha kahawa, alivua pete yake ya ndoa na kuiweka kwenye kisahani mezani chumbani kwake.

Siku hiyo Marta aliingia chumbani, akaiona. Akaivaa. Akajitazama kiooni, akacheka, akatoka nayo hadi jikoni akijifanya mama mwenye nyumba. Mara akaitwa: "Marta! Jua limekuwa kali, njoo ufunike kahawa!" Akaivua haraka, akaiweka juu ya kigoda karibu na mafiga, akakimbia. Aliporudi, kigoda kilikuwa kitupu.

Alitafuta kwenye majivu. Alitafuta chini ya kuni. Hakuna. Jikoni alikuwepo bibi tu, Bibi Dina, mama yake baba, aliyekuwa mzee sana na akili yake ilikuwa imeanza kupotea njia. Leo anakujua, kesho anakuita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Marta alimwuliza, "Bibi, umeona pete?" Bibi akajibu, "Mbegu ziko salama, mjukuu wangu."

Jioni mama aligundua. Aliuliza nani aliingia chumbani. Ulimi ukamtangulia Marta.

"Nilimwona dada Tumpale akitoka chumbani kwako."

Na ilikuwa kweli! Tumpale alitoka chumbani, na ufagio mkononi, kama alivyotoka kila siku ya Mungu. Marta hakusema uongo hata neno moja, na bado alikuwa amesema uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema.

Mama alimwaga mfuko wa Tumpale uani, majirani wakitazama. Sketi mbili, nguo za ndani, sare ya kwaya, kitabu cha nyimbo. Pete haikuwepo. "Umeshaiuza Tunduma," mama alisema. "Ondoka kwangu." Tumpale hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye vumbi, akakunja nguo moja moja, akazipanga mfukoni. Alipofika mlangoni pa ua akamwangalia Marta mara moja tu.

"Marta," alisema, "mdogo wangu."

Basi.  Angetukana, labda Marta angepata usingizi. Bibi Dina naye alikuwa amekaa kizingitini, anarudiarudia, "Mbegu ziko salama, mkwe wangu, mbegu ziko salama," na hakuna aliyemjali. Mwezi wa kumi bibi akafariki, wakamzika.

Mwezi wa kumi na moja mvua za kupandia zikanyesha. Wazee wa huku huwa hawaweki mbegu stoo. Wanachagua mahindi makubwa, wanayafunga mawili mawili kwa maganda yake, wanayatundika juu ya mafiga, moshi uyapige ili dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, asiyaguse. Wakishayatundika hayaguswi mpaka siku ya kupanda. Hata mwenye njaa hathubutu. Marta alipanda juu ya kigoda kuyateremsha. Kwenye fungu la mwisho, katikati ya maganda, palikuwa na kitambaa cheusi kwa moshi, kimefungwa fundo la kizee, lile la bibi. Alikifungua. Pete ikamwangukia kiganjani.

Loo! Maskini bibi. Aliikuta pete juu ya kigoda, akaiweka mahali ambapo kwa maisha yake yote hakuna mwizi aliyewahi kupagusa. Halafu akili yake ikasahau kila kitu isipokuwa kwamba iko salama.

Marta angekimbia kwa mama siku ileile. Miguu ilianza hata kwenda. Lakini akawaza: wataniuliza pete ilifikaje jikoni. Watasema bibi ndiye mwizi, na bibi ameshalala kaburini. Na nguo zile uani, nani atazifuta machoni mwa watu? Akaichomeka pete kwenye ufa wa tofali nyuma ya mafiga, akaziba kwa udongo. Akajiambia atasema kesho. Kesho hiyo ikawa mwaka na zaidi, na ndipo nyayo zilipoanza.

Na mama, kwa sababu ya maneno ya Marta, hakumwamini tena mtu wa kuajiriwa. Ndipo yaliponunuliwa makufuli manne.

Sasa turudi kwa Lusungu. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu. Brayan aliamka na joto mwilini, lakini mama akasema ni meno, akafunga, akaondoka. Saa sita mvua ya mawe ilishuka. Darasani kelele za bati zilikuwa kubwa, mwalimu akaacha kufundisha, wanafunzi wakashangilia. Marta hakushangilia. Alishika funguo ndani ya sweta, zilikuwa za baridi.

Mto uliokuwa kati ya shule na nyumbani ulijaa, wakasubiri upungue. Marta alipofika nyumbani, alikuta ua umejaa watu. Kufuli kubwa la mlango wa mbele lilikuwa chini, limekatika, na shoka la kuchanjia kuni liko pembeni yake. Lusungu hayupo. Brayan hayupo. Mama, ambaye mvua ilimfanya afunge kibanda mapema, alikuwa amekaa kwenye tope na mikono kichwani.

"Ameniibia mtoto! Jamani, ameniibia mtoto wangu!"

Vijana wawili walikuwa tayari juu ya pikipiki, inanguruma. Mmoja, Jofrey, alikuwa na fimbo. "Hajafika mbali. Tukimkuta atatueleza vizuri," alisema, na wengine wakaitikia, na jinsi walivyoitikia ilimtisha Marta kuliko radi.

Mzee Kasiani, jirani yao na balozi wa nyumba kumi, alijaribu kuwatuliza, lakini nani alimsikia? Mama alimwona Marta, akamrukia na kumshika mabega.

"Marta! Jicho langu! Sema mbele ya watu. Ulimwona akifanya nini huyu mwanamke? Ulimwona akichungulia? Sema, mwanangu, kama ulivyosema kwa yule!"

Watu wakasogea karibu. Vijana wa pikipiki wakapunguza moto. Watu wote walimtazama, na Marta alijua kabisa wanachokitaka. Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Nilimwona akiangalia mlango," na ingekuwa kweli, kwani mlango upo mbele ya jiko, Lusungu angeangalia wapi? Na wale vijana wangeondoka na fimbo. Akaangalia tope pale alipopigia magoti Tumpale. Akasikia, waziwazi kabisa, sauti ya pili ya wimbo.

"Sikumwona," alisema.

"Unasemaje?"

"Sikumwona akifanya kitu chochote kibaya, mama. Hata siku moja." Akageukia watu wote. "Na yule... na dada Tumpale pia sikumwona. Alikuwa anafagia tu. Pete niliichukua mimi."

Alisema yote pale pale, analia, maneno yanakanyagana: kioo, kigoda, bibi, mbegu, ufa wa tofali. Kisha akakimbia jikoni, akachokoa udongo kwa kucha mpaka kidole kikatoka damu, akarudi na pete juu ya kiganja. Mama aliitazama. Hakuichukua. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla asijue yuko wapi.

"Zimeni hiyo pikipiki," alisema Mzee Kasiani, na safari hii walimsikia. "Marta, una funguo? Tufungulie. Tuone huyu mwizi ameiba nini."

Makufuli ya ndani yalikuwa mazima, hakuna lililoguswa. Sebuleni, redio ilikuwepo. Vitenge vya biashara vilikuwepo, marobota mawili. Kilichokosekana ni blanketi la Brayan lililokuwa kwenye kochi, na kadi yake ya kliniki iliyokuwa imechomekwa nyuma ya kalenda ukutani.

"Nimeishi miaka sabini na mbili," Mzee Kasiani alisema polepole. "Sijawahi kusikia mwizi wa kadi ya kliniki. Mama Marta, inuka. Twende zahanati."

Walimkuta Lusungu kwenye benchi la zahanati, amelowa chepechepe, hana viatu, ameviacha kwenye tope njiani. Brayan amelala mapajani mwake ndani ya blanketi, anapumua vizuri. Mtoto alikuwa amepandwa na homa mpaka degedege likamshika, mvua ya mawe inapita kwenye bati bovu la jiko, na nguo kavu ziko nyuma ya kufuli. Shuleni hakukufikika, mto umejaa. Alikuwa na shoka, akalitumia.

Muuguzi hakumung'unya maneno. "Mama, mtoto akiwa na joto hivi asubuhi, analetwa hapa palepale, hasubiri jioni. Mshukuru huyu dada. Angesubiri funguo, leo tungeongea mengine."

Lusungu alisimama alipomwona mwajiri wake, akatazama chini kama kawaida. "Shikamoo, mama. Kufuli nimelivunja mimi. Sikuwa na namna nyingine. Kama ni kuondoka, naomba nikachukue nguo zangu tu."

 Mama akaketi sakafuni, pale pale mbele ya wagonjwa, akashika miguu ya Lusungu iliyojaa tope.

Kesho yake Mzee Kasiani alileta bisibisi, akang'oa makomeo yote isipokuwa la mlango wa mbele, lililotiwa kufuli jipya, na la stoo, na funguo zake akapewa Lusungu. Marta hakuchapwa. Alitamani achapwe. Mama alimwambia tu, "Jumamosi tunakwenda Mbebe," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwenda msibani.

Kufika Mbebe ni kupanda milima mpaka masikio yazibe. Walimkuta Tumpale shambani, anavuna viazi na baba yake, Mzee Gwalugano. Alikuwa amekonda. Alipowaona alisimama wima na jembe mkononi, hakuja kuwapokea. Marta alipiga magoti kwenye matuta akasimulia yote, na safari hii hakuacha hata kile kioo. Mama naye akapiga magoti kando yake.

Tumpale alichomeka jembe ardhini. Kisha akasema, "Inukeni. Nimewasamehe, mimi sitaki kulala na hasira. Lakini, mama, maneno yenu yalifika hapa kabla yangu. Siku niliyoshuka kwenye gari, watu walishasikia kwamba nimefukuzwa Mbozi kwa wizi. Nilitolewa kwenye kwaya. Hakuna nyumba iliyonipa kazi. Nikipita dukani, mwenye duka anahamisha vitu." Akavuta pumzi. "Leo mmeniomba radhi kwenye viazi. Viazi havina masikio."

"Tufanye nini, dada?" Marta aliuliza.

"Kesho ni Jumapili."

Na Jumapili, kwenye muda wa matangazo, Marta aliitwa mbele.  Kanisa lilikuwa limejaa, watu asiowajua hata mmoja, na mwanzoni sauti haikutoka. Mama yake alitoka kwenye benchi, akaja kusimama kando yake, akamshika mkono. Marta akasema. Alipomaliza, mama akasema, "Mtoto huyu alisema neno moja la woga. Mimi mtu mzima nililichukua bila kuuliza, kwa sababu aliyesemwa ni mfanyakazi. Angekuwa ndugu yangu ningeuliza mara tatu. Kosa la mtoto ni dogo. Kubwa ni langu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha kiongozi wa kwaya akasimama, akaenda mpaka benchi la nyuma kabisa, akampa Tumpale mkono. Walipoimba, sauti ya pili ilikuwa yake. Marta aliisikia kwa masikio yake mawili, inatoka kwenye kifua cha mtu aliye hai, na alilia kwa namna ambayo hakuwahi kulia tangu azaliwe.

Nje ya kanisa mama alimwomba Tumpale arudi kwao, iwe kwa kazi au kwa kutembea tu.

Tumpale alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Mkija huku mtakula kwetu. Lakini ile nyumba siwezi kulala tena ndani yake." Akampapasa Marta kichwani, akaenda kujiunga na wenzake wa kwaya.

Marta alibaki ameduwaa. Alikuwa ameamini kwamba akishasema kweli, kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Mzee Gwalugano, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, alimwona.

"Msamaha umeupata, mjukuu wangu," alisema, "na mwanangu jina lake limerudi. Hayo ni mengi, shukuru. Lakini ule mwaka na nusu aliokaa bila kusemeshwa na watu, nani atamrudishia? Hata wewe huwezi, na mama yako hawezi. Ukimwona mtu amepewa kosa lisilo lake, sema siku hiyohiyo, hata kama mdomo unatetemeka. Ukikaa kimya, mwenzako ndiye anayezihesabu hizo siku."

"Nimesikia, babu," Marta alisema.

Machozi yalianza tena kumtoka. Mama yake hakumnyamazisha. Alimwacha alie mpaka mwisho, kisha wakashuka mlima pamoja kwenda kusubiri gari.